Mama Mdogo na Njugu za Baharia

Mama mdogo ni msusi, na ukitaka kumjua mtazame kidole gumba chake cha kulia. Wasusi wengine hugawanya nywele kwa mkia wa chanuo. Yeye hutumia ukucha. Anauweka juu ya paji la uso la mteja, anauvuta mara moja hadi kisogoni, na njia inabaki pale imenyooka kama imepigwa rula. Kinachonishangaza ni kwamba wakati huo haangalii hata kidogo, anabishana na mtu aliyekaa kiti cha pili. Niliwahi kumuuliza anajuaje kwamba njia imenyooka. Akasema ukucha wake una macho. Nikamwambia hilo haliwezekani kisayansi.

"Basi sayansi ije isuke," akanijibu.

Saluni yake ni chumba kimoja kilichobanwa kati ya fundi saa na duka la madaftari. Kina viti vitatu vya wateja na kimoja cha bibi. Draya ni ya zamani, ikiwashwa inanguruma mpaka aliyekaa chini yake anapiga kelele huku akidhani ananong'ona. Siri nyingi za mtaa wetu zimejulikana kupitia draya ile. Kioo kina ufa kwenye pembe, umefunikwa kwa picha ya mwanamke mwenye nywele zinazofika kiunoni, lakini saluni haikuwahi kuitegemea picha hiyo. Bango lilikuwa nywele za mama mdogo mwenyewe. Zilikuwa nyingi, nyeusi, nzito, na kila Jumatatu alikuja na mtindo mpya. Kabla wiki haijaisha unakutana na mtindo huohuo sokoni, benki, hata kwa mwalimu wetu wa jiografia.

Bibi, mama yake mzazi, ndiye aliyemfundisha kazi. Alisuka miaka mingi kabla magoti hayajamkatalia kusimama, na sasa huja kila asubuhi "kupumzika," yaani kukagua. Ana miiko yake. Mikono ikiwa kichwani mwa mtu, simu haishikwi. Kilichosemwa kiti cha kwanza hakifiki kiti cha pili, ingawa huo draya imeshauvunja. Na mwiko mkubwa kuliko yote ni kwamba msusi hali kitunguu saumu. Bibi anaeleza hivi: kinyozi humaliza kichwa upesi, lakini msusi humwinamia mtu asubuhi nzima, mdomo wake uko juu ya sikio la mwenzake, na mteja hana pa kukimbilia kwa sababu nywele zake umezishika wewe. Mama mdogo aliushika mwiko huo tangu akiwa msichana wa umri wangu, mpaka akapoteza hata hamu. Kitunguu saumu hakiingii jikoni kwake, siku ya kazi wala ya mapumziko.

Miaka michache iliyopita aliacha kula nyama. Baadaye akaacha samaki, halafu mayai, halafu maziwa, moja baada ya jingine, kama mtu anayehama nyumba taratibu. Watu walitaka wapewe sababu ya maana. Muuza maua wa pale kona, mteja wake wa kudumu na mtu asiyejua kuficha neno, alimuuliza kama amekatazwa na daktari. Akasema hapana. Basi unapunguza mwili? Hapana. Basi kuna mtu anataka kukuoa huko ambako hawali nyama? Mama mdogo alicheka mpaka akaachia msuko. Akasema anawaonea huruma tu wanyama, hana zaidi, na wao waendelee kula kwa raha zao.

Aliyeumia ni bibi. Bibi anapika supu ya nyama ambayo harufu yake inakupokea ukiwa bado barabarani, na kwake yeye mtoto anayeikataa supu ile ni kama amemkataa mpishi. Alijaribu kubembeleza, akajaribu kununa, akajaribu kumtilia kijiko kimoja kwenye maharage kwa siri, akabambwa. Walizozana siku hiyo mbele yetu sote mezani, na mwisho bibi akaweka kijiko chini.

"Sawa. Kula majani yako. Lakini siku mwili wako ukilalamika kwa ajili ya hicho chakula, utarudi mezani kwangu na utakula nitakachokupakulia. Umekubali?"

"Nimekubali, mama."

Sote tunamjua mama mdogo. Huyu ni mtu anayefungua saluni mvua ikinyesha na barabara zimejaa maji, kwa sababu kuna mteja mmoja alimwambia atakuwepo. Akisema atakula, atakula, hata kama machozi yatamdondokea kwenye sahani. Mama yangu alijaribu kuligeuza jambo kuwa utani, lakini hakuna aliyecheka. Toka siku ile bibi alianza kuuangalia mwili wa mama mdogo kama mtu anayesubiri maziwa yachemke.

Mwili wenyewe haukulalamika. Mama mdogo alikuwa makini: alimeza vidonge vyake vya vitamini B12, kwa sababu aliambiwa hiyo haipatikani kwenye mimea, alikula maharage na dengu na mboga za kila rangi, na akawa na afya kuliko sisi. Mambo yalianza kuharibika siku alipokuja msichana mmoja wa chuo anayesomea lishe.

Msichana yule alikuwa chini ya draya, kwa hiyo alichomweleza mama mdogo tulikisikia wote, na nadhani fundi saa pia alikisikia. Alipiga kelele kwamba asiyekula nyama, samaki wala mayai asisahau madini yanayoitwa seleniamu. Mwili unayahitaji kidogo sana, lakini bila hayo tezi ya shingoni haifanyi kazi vizuri na kinga inalegea. Nafaka na kunde zinayo, ila kiasi kinategemea udongo zilikoota: udongo ukiwa maskini, mmea nao unakuwa maskini. Akamaliza kwa kusema kwamba njugu za Brazili zinayo nyingi mno. Hapo draya ikazimwa, rola zikatolewa, nywele zikachanwa, msichana akaaga akaenda zake. Hakusema mtu ale njugu ngapi, na hakuna aliyemuuliza.

Mimi nilirudi nyumbani nikafungua kitabu cha kemia, maana nilikuwa sijawahi kusikia mtu akiitaja seleniamu nje ya darasa. Niliikuta kwenye jedwali la elementi, chini ya salfa, kama wapangaji wa jengo moja, mmoja ghorofa ya juu na mwingine ya chini. Nilifurahi bila sababu. Nilikuwa nadhani jedwali lile ni la mitihani tu, kumbe baadhi ya wakazi wake tunawala.

Mama mdogo naye alimpigia simu mjomba, kaka yake, ambaye ni baharia kwenye meli za mizigo. Mjomba hajui kuleta kitu kidogo. Ukimwagiza sabuni analeta katoni. Aliporudi likizo alishuka na mfuko wa njugu za Brazili ambao ulibidi ubebwe na watu wawili. Ni kubwa kama kidole gumba, zimekaa kama vipande vya chungwa, na ukitafuna unahisi kama unakula siagi iliyoganda. Mama mdogo alizipenda siku ile ile. Akajaza bakuli, akaliweka chini ya kioo kati ya chanuo na pini, na kila alipomaliza kichwa alijipongeza kwa konzi moja ya njugu. Juu ya hizo, wakala wa mafuta ya nywele alimuuzia vidonge vya kuimarisha nywele na kucha, naye akavimeza kwa sababu msusi hakatai kitu chenye picha ya nywele nzuri.

Baada ya wiki kadhaa alianza kusema kila anachokula kina ladha ya chuma, kama vile amelamba ufunguo. Kisha kwenye kucha zake ikatokea mistari myeupe. Siku moja, akiwa amemwinamia mwalimu wetu wa jiografia, ule ukucha wa kidole gumba ukakatika katikati ya njia. Mama mdogo aliutazama ulipoanguka sakafuni kana kwamba ni wa mtu mwingine. Ikabidi achukue chanuo, na mkia wa chanuo haukumjua. Njia ilitoka imepinda. Mwalimu alijitazama kwenye kioo, akasema ni mto wenye mapindo, akacheka, lakini mama mdogo hakucheka naye.

Nywele zikafuata. Zilibaki kwenye mto wa kulalia, kwenye kitana, kwenye kola ya gauni. Bango la saluni likawa linapungua na wateja wanaliona. Mwanamke mmoja aliyekuja kusukwa alimtazama kichwani, akakumbuka ghafla kwamba ameacha pasi imewaka nyumbani.

Na wakati hayo yanaendelea, ikaja harufu. Kwanza wateja walivumilia. Wakaanza kugeuza shingo. Mmoja alimpa pipi ya mnanaa, mama mdogo akadhani ni zawadi, akashukuru. Muuza maua ndiye aliyelitoa neno. Alisema yeye anaishi kwa pua, na pua yake inamwambia kwamba shoga yake amekula kitunguu saumu, tena si kidogo. Mama mdogo akaapa kwamba hajala. Bibi, kwenye kiti chake, akainua macho kutoka kwenye chai.

Hapo vita vikawa viwili. Bibi alikuwa na uhakika kwamba binti yake amevunja mwiko na sasa anadanganya, na hilo lilimuuma kuliko suala la supu. Mama mdogo alikuwa na uhakika kwamba yuko safi, akaanza kuvaa barakoa akisingizia vumbi. Kuhusu nywele na kucha, hapo kidogo walikubaliana: mwili umepungukiwa. Walichotofautiana ni dawa. Bibi alisema umepungukiwa na nyama. Mama mdogo alisema umepungukiwa na seleniamu, kwa hiyo kila ukucha ulipokatika aliongeza konzi, na nywele zilipoongezeka kwenye mto aliongeza nyingine.

Mwishowe bibi akasimama katikati ya saluni, akashika meza kwa ajili ya magoti, akamkumbusha makubaliano. Mwili umelalamika. Mama mdogo hakubisha. Aliomba kitu kimoja tu, apimwe damu kwanza. Kama damu itaonyesha amepungukiwa kwa sababu ya anavyokula, atakuja Jumamosi inayofuata na ataila supu bila kusema neno. Aliposema hivyo nikaona kwamba anaamini atashindwa.

Walikwenda pamoja, na mimi nikawafuata kwa sababu shule ilikuwa imefungwa na kwa sababu nisingekubali kubaki. Daktari alikuwa mwanamke kijana, aliyemwamkia bibi vizuri na kumvutia kiti cha mbele. Nywele zake zilikuwa zimesukwa na mtu mwenye haraka asiye na jicho, njia moja imeelekea mashariki na nyingine imebadili mawazo. Nilimwona mama mdogo akikunja mikono mapajani asije akazigusa.

Daktari alimpima kucha moja moja, akauliza anakula nini. Mama mdogo akataja vyakula vyake. Bibi akatikisa kichwa kwa kila kimoja, kama anayesikiliza makosa ya jinai. Kisha daktari akasogea ampapase shingo, na akiwa karibu hivyo akasita.

"Umekula kitunguu saumu leo?"

"Sili kitunguu saumu, daktari."

"Hata kwenye mboga? Wengi hawajui kama kimetiwa."

"Sili kabisa. Ni mambo ya kazi yangu."

Uso wa daktari ulionyesha kwamba amewahi kusikia wagonjwa wengi wakisema hawali sukari. Akaanza kuandika. Mama mdogo alinitazama, akatazama chini, na kusema kweli alionekana kama mtoto aliyesingiziwa darasani. Ndipo bibi akakohoa.

"Ni kweli, hali," bibi akasema. "Mkaidi ni mkaidi, lakini huyu si mwongo. Nimekagua jiko lake."

Mama mdogo akageuka. "Mama, umekagua jiko langu?"

"Ulipokwenda sokoni. Nilitaka kukukamata. Nimeangalia kabati, nimeangalia kapu, nimenusa mpaka kinu. Hakuna hata punje. Kilichojaa humo ni njugu za kaka yako tu, na zenyewe zimeshafika nusu ya mfuko."

Kalamu ya daktari ikasimama. Aliuliza njugu za aina gani. Akaambiwa. Akauliza ni ngapi kwa siku, na mama mdogo, bado amemkodolea macho mama yake, akaonyesha kwa mkono: konzi. Daktari akauliza konzi ngapi. Mama mdogo akasema inategemea na idadi ya vichwa siku hiyo. Daktari akaweka kalamu chini kabisa, na nadhani alijitahidi sana asicheke.

Alituambia kwamba njugu moja au mbili za aina ile zinaweza kumtosha mtu mzima siku nzima, na nyingine zina kiasi kikubwa kuliko zile za mti wa jirani, kwa hiyo huwezi hata kukisia. Seleniamu inatakiwa kidogo. Ikizidi kwa muda mrefu, nywele zinaanguka, kucha zinavunjika, mdomo unakuwa na ladha ya chuma, na mwili unajaribu kuitoa kwa njia ya pumzi. "Na pumzi hiyo," akasema, "inanuka kama kitunguu saumu." Aliongeza kwamba ni mapema kuthibitisha. Damu ingepelekwa maabara kubwa, na majibu yangechukua muda. Ila kuanzia siku ile njugu zisimamishwe kabisa, pamoja na vile vidonge vya nywele, maana vingi vya aina hiyo navyo hutiwa seleniamu. Vya B12 aendelee navyo.

Nilishindwa kunyamaza. Niliuliza kama ni kwa sababu seleniamu inakaa chini ya salfa kwenye jedwali, maana kitunguu saumu kinanuka kwa sababu ya salfa. Daktari akasema ndiyo, ni ndugu, zina tabia zinazofanana. Bibi akasema hata kwenye ukoo wetu wapo wa hivyo.

Tulisubiri majibu kwa siku nyingi. Wale wawili walirudi saluni, kila mmoja na wasiwasi wake. Bibi hakuwa na furaha ya mtu anayekaribia kushinda, na mama mdogo hakuwa na hakika kwamba daktari amepatia. Je, damu ikisema seleniamu imepungua? Alinikanya nisimwambie mtu, kisha akaniambia kwamba amejaribu kuiwazia ile supu mdomoni na ameshindwa, ila neno ni neno.

Nywele zilikuwa zimebaki kwa mafungu, hapa zipo, pale hazipo. Asubuhi moja alikaa kwenye kiti cha wateja, kiti ambacho sikuwahi kumwona akikaa, akampa bibi mashine ya kunyolea. Bibi alisimama kwa yale magoti yake, akainamisha kichwa cha binti yake kwa mkono mmoja na kukinyoa kwa mwingine, polepole, akipuliza vinyweleo shingoni kama ninavyodhani alivyofanya zamani huyu akiwa mtoto. Hata draya ilizimwa.

Halafu muuza maua akaingia, akasimama mlangoni, akamzunguka akimtazama kutoka kila upande.

"Mwenzangu, umekuwa yai," akasema. "Na wewe mayai huli."

Mama mdogo alicheka kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Bibi naye akacheka, akaketi, akacheka tena. Muuza maua akachukua ua moja kwenye ndoo yake, akalichomeka nyuma ya sikio la mama mdogo, na likakaa vizuri. Kuna mteja alipita dirishani, akarudi nyuma, akauliza huo mtindo ni kiasi gani.

Harufu ilianza kupungua. Muuza maua alikuwa akiipima kila asubuhi kabla ya kufungua kibanda chake, akimwambia apumue, naye akitoa taarifa kwa bibi. Ladha ya chuma ikapotea. Lakini majibu yalikuwa bado, na makubaliano yalisema damu.

Yalipofika, daktari alitukalisha na kutusomea taratibu. Seleniamu ilikuwa nyingi, juu sana ya kiwango. Alisema ingetutosha mama mdogo, bibi, mimi na wote waliokuwa wakisubiri kwenye benchi la nje. Madini ya chuma yalikuwa sawa. B12 ilikuwa sawa. Nywele na kucha zitarudi zenyewe, mradi aache. Baadaye, viwango vikishuka, chakula chake cha kawaida kinaweza kumtosha: mkate wa ngano isiyokobolewa, mchele wa kahawia, maharage, dengu, uyoga, mbegu za alizeti. Watapima tena baada ya miezi, na kama udongo wa vyakula vyetu utaonekana ni maskini, basi njugu moja, si konzi, na tena si lazima kila siku.

Bibi aliuliza swali lake, nami nilijua atalichagua vizuri. Aliuliza kama nyama ingemsaidia binti yake. Daktari akamjibu kwa heshima kwamba hili halikutokana na kukosa nyama, limetokana na kuzidisha njugu, na mtu angeweza kujiumiza hivyo hivyo hata kama anakula nyama kila siku.

Tulitoka. Nilisubiri mama mdogo aruke kwa furaha, lakini alitembea mpaka kwenye geti, na hapo akasimama. Akasema amefikiri. Makubaliano hayakuwa kuhusu kupungukiwa tu. Mama yake alisema chakula chake kikimdhuru, na njugu zilikuwa chakula chake, na zimemdhuru. Kwa hiyo Jumamosi atakuja.

Nilitaka kumziba mdomo. Bibi alimtazama kwa muda, kile kipara, kile kitambaa cha kichwani kilichoteleza, na sikuweza kuusoma uso wake.

"Njoo," akasema. "Na nitapika ninachotaka mimi."

Jumamosi hiyo bibi hakuruhusu mtu jikoni. Mimi nilikaribishwa mpaka mlangoni na kufukuzwa kwa mwiko wa kupikia. Mjomba, aliyekuwa bado likizo, alikaa mezani akijifanya anasoma gazeti, maana tangu habari ya mfuko ienee kila mtu alikuwa akimwita mleta sumu. Mama yangu alipanga sahani, akazipangua, akazipanga tena. Mama mdogo alikuja mapema. Alikuwa amevaa vizuri, kama mtu anayekwenda kwenye usaili, akakaa mahali pake pa zamani akiwa ameshika mikono yake miwili chini ya meza.

Bibi akaleta sufuria. Akaiweka mbele ya mama mdogo, si katikati, akafunua mfuniko.

Ulikuwa mchuzi wa maharage na uyoga. Uyoga ulikuwa mwingi, umekatwa vipande vikubwa kama nyama. Pembeni kulikuwa na mchele wa kahawia, ambao bibi siku zote husema ni chakula cha kuku. Mama mdogo hakugusa kijiko. Alitazama ndani ya sufuria, akamtazama mama yake, na sote tukakumbuka kile kijiko kimoja cha siri cha zamani.

"Umetia nini humu, mama?"

"Maji ya uyoga, kitunguu maji, nyanya, chumvi. Mfupa sikutia. Nimenunua na sufuria mpya, ile ya zamani haitoki harufu."

Mama mdogo akainama kama anayetafuta kitu kilichoanguka. Mjomba akafungua gazeti zaidi. Bibi akaanza kupakua kwa kelele, akilalamika kwamba mchele huu unachukua muda mrefu kuiva kuliko mtoto kukua, na kwamba kama hautaki kulainika ni kosa la daktari. Alijipakulia na yeye. Akaonja, akasema chumvi haijakolea, akaongeza vijiko viwili vya mchuzi kwenye sahani yake mwenyewe ili kuhakikisha.

Kisha akamwona mama mdogo bado amekaa tu, kitambaa kimemshuka mpaka kwenye nyusi. Akanyoosha mkono, akakivuta, akakiweka begani kwake.

"Geukia dirishani nione."

Mama mdogo akageuka. Bibi akapitisha kiganja juu ya kichwa kile, kuanzia paji la uso hadi kisogoni, akarudia tena kinyume chake, akivihisi vinyweleo vipya vilivyokuwa vimeanza kusimama vyote kwa pamoja, vifupi, vyeusi, vinakwaruza.

"Zinaota," akasema. "Haya, kula."